Pikipiki ndiyo ambulansi ya Kabambare: serikali ikubali, iisajili na iilipie

Mama akishikwa na uchungu usiku katika kijiji cha ndani wilayani Kabambare, na mtoto akakwama, anayeamua kama mama huyo atafika mbele ya daktari si daktari mwenyewe, wala si mkuu wa zoni ya afya, wala si gavana aliyeko Kindu. Ni kijana mwenye pikipiki, na bei atakayoitaja mlangoni huku mama analia ndani. Familia inapatana naye. Mume anazunguka kwa majirani kukopa. Mwenye mbuzi anamweka mbuzi rehani. Saa moja inapita, ya pili inaingia, na pikipiki bado haijawashwa.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba halihesabiwi tena kuwa habari. Sisi tunasema ni dharura, na tunaomba lishughulikiwe kama dharura. Usafiri wa wagonjwa kusini mwa Maniema umeshakuwa biashara binafsi bila mtu yeyote kukaa na kuamua uwe hivyo. Hauna bei inayojulikana, hauna kanuni, hauna mafunzo, na hakuna ofisi inayoujibia. Akija kesho mfanyabiashara na gari jeupe lenye king'ora, akataka alipwe kabla ya safari, atakuwa ameongeza king'ora tu juu ya soko lilelile. Ndiyo maana hatusemi kwamba huduma binafsi ifukuzwe, wala hatusemi iachwe ifanye itakavyo. Tunasema mgonjwa asiwe ndiye mnunuzi.

Tazama ramani kwanza. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na barabara zetu hazijui mstari ulionyooka. Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ni safari ndefu zaidi ya hiyo. Katikati kuna Luama na vijito visivyo na idadi, kuna madaraja ya magogo ambayo kila msimu wa mvua huondoka na gogo lake, kuna vilima ambavyo lori likinasa siku mbili hakuna anayeshangaa. Reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, inapita Samba, lakini mgonjwa hapangi ratiba ya treni. Zamani aliyekuwa na uwezo, au aliyepata mfadhili, aliweza kufikiria Bukavu. Tangu Bukavu iingie mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, na uwanja wa ndege wa Kavumu kufungwa, hata wazo hilo limekuwa mbali. Wa kusini mwa Maniema wamebaki na walichonacho: hospitali za zoni zao, na pikipiki ya kuwafikisha.

Na pikipiki si kosa. Wanaoidharau hawajaiona njia ya Salamabila, hukuhuku wilayani Kabambare, baada ya mvua. Mahali pengi gari la magurudumu manne halipiti miezi kadhaa ya mwaka, pikipiki inapita. Tatizo ni namna mgonjwa anavyopandishwa juu yake.

Hebu tuseme wazi jinsi inavyofanyika, maana wanaopanga bajeti Kindu na Kinshasa huenda hawajaona. Dereva anakaa mbele. Mama anawekwa katikati. Nyuma yake anapanda kaka au shemeji, anamkumbatia asianguke, kisha kikwembe kinazungushwa na kufungwa kuwashika wote wawili, kwa sababu mama akizimia njiani mikono ya shemeji peke yake haitoshi. Kama kituo kina serumu, chupa inafungwa kwenye kijiti, na yule wa nyuma anakishika juu kwa mkono mmoja kilomita zote hizo. Kila muuguzi anajua kwamba mama mwenye mimba kubwa aliyezidiwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto ili damu ipite vizuri kwake na kwa mtoto. Juu ya pikipiki anakaa wima, miguu imepanuliwa, na kila shimo la barabara linampiga kiunoni. Wakifika kwenye daraja la magogo wote wanashuka. Dereva anasukuma pikipiki juu ya gogo, na mama anayevuja damu anavuka kwa miguu yake, ameshikwa mkono. Wakifika kwenye bariyeri, kuna mtu anadai chochote. Mafuta yakiisha yananunuliwa kwenye chupa kando ya njia, kwa bei ya mwenye chupa, naye usiku amelala.

Muuguzi hafuatani nao. Yuko peke yake kituoni, na akiondoka kituo kinafungwa. Kwa hiyo katika saa ngumu kuliko zote za maisha yake, mama anahudumiwa na dereva ambaye hajafundishwa hata kumfunga mtu jeraha.

Ambako hata pikipiki haifiki bado kuna kipoyi: miti miwili, kamba au blanketi katikati, wanaume wanne mabegani, wanapokezana kijiji kwa kijiji. Hiyo ni kazi ya heshima, na wazee wetu waliifanya bila kuuliza malipo. Mwaka 1870 David Livingstone alikwama miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, kwa sababu vidonda vya miguu vilimzuia kutembea, na hapakuwa na njia ya kumtoa ila miguu ya watu wengine. Karne na nusu zimepita. Mkulima wa Kabambare mwenye mguu uliovunjika yuko karibu palepale.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi, kwa sababu Kasongo si mahali ambapo elimu ya afya haikuwahi kufika. Kasongo ilikuwa darasa la dunia.

Miaka ya 1970 madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp nchini Ubelgiji, kwa fikra za Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, walishirikiana hapa na wauguzi na waganga Wakongo kujenga kile kilichokuja kujulikana kama Mradi wa Kasongo. Waliweka vituo vya afya karibu na watu, vikiendeshwa na wauguzi, na nyuma yake hospitali moja ya kupokea yale yanayovishinda vituo. Kituo kitibu, kichanje, kipime wajawazito, kinachokishinda kipelekwe. Leo linaonekana jambo la kawaida kabisa. Wakati ule halikuwa la kawaida, na mkutano wa Alma-Ata wa 1978 juu ya afya ya msingi ulikuwa haujafanyika kazi hiyo ilipoanza. Zoni ya afya, ambayo leo Kongo nzima imegawanywa kwayo, zaidi ya zoni 500, na jimbo la Maniema zoni 18, imechota mengi kutoka Kasongo. Wanafunzi wa afya ya umma katika nchi nyingi wamesoma jina la mji wetu kabla ya kujua uko wapi.

Mwaka 1984 timu ya mradi huo ilichapisha matokeo ambayo yangepaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya afya ya Maniema. Walitaka kujua: je, tunaweza kuwatambua mapema, kwenye kliniki ya wajawazito, wale ambao mtoto atakuja kuwakwama? Walitumia dalili ambazo muuguzi wa kijijini anaweza kuziangalia mwenyewe, kama vile historia ya uzazi uliopita. Wakafuatilia hadi wanawake wakajifungua. Kati ya wale ambao mtoto aliwakwama kweli, asilimia 71 hawakuwa wametambuliwa na dalili hizo. Na kati ya walioambiwa kwamba wako hatarini, asilimia 90 walijifungua bila mtoto kukwama.

Asilimia 71. Maana yake ni kwamba mama aliyeonekana mzima mwezi wa nane, aliyezaa watoto watatu bila shida, ndiye anayeweza kukwama usiku wa leo. Hakuna orodha itakayomtaja mapema. Huwezi kuwaita wote waje wakae karibu na hospitali wiki tatu kabla; wana mashamba na wana watoto nyumbani. Utafiti mwingine uliofanywa Kasongo baadaye ulionyesha kwamba hata wale walioshauriwa waende kujifungulia hospitali, walioenda walikuwa takriban theluthi moja. Umbali ulikuwa kizuizi, na wengi hawakuona sababu ya kwenda wakati walijisikia wazima. Wala hawakuwa wajinga. Tisa kati ya kumi walikuwa sahihi.

Matokeo hayo ya Kasongo yalichangia kubadili fikra za wataalamu wa uzazi duniani. Walianza kusema kwamba kila mimba inaweza kugeuka hatari, kwa hiyo nguvu iwekwe katika kumfikisha mama haraka kwenye msaada pale tatizo linapotokea. Nchi nyingine zilisikia. Sisi tuliowapa ushahidi huo, kwa mwili na damu ya mama zetu, bado hatuna kitu kati ya kituo na hospitali. Zoni ina kituo, zoni ina hospitali ya rufaa, na neno rufaa limeandikwa kwenye karatasi anayopewa mgonjwa. Kumbeba ni shauri lake.

Na saa hazingoji. Wataalamu waliopima kwa wastani muda kati ya tatizo kuanza na mama kufa, akikosa msaada, walipata hivi: anayetokwa damu baada ya kujifungua, saa mbili. Anayetokwa damu kabla ya kujifungua, saa 12. Kifafa cha mimba, siku mbili. Mtoto kukwama, siku tatu. Rudia kusoma, kisha fikiria mume anayezunguka kijijini usiku akikopa faranga. Kwa mama anayevuja damu, muda wa kupatana bei ndio muda wote aliobakiwa nao hapa duniani.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wanawake 846 walikuwa wakifa kwa sababu za uzazi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya miaka ya karibuni yako chini ya hapo, nasi tunashukuru kila upungufu. Lakini wastani wa taifa unachanganya Kinshasa yenye lami na Kabambare yenye magogo. Wengine hawafi. Mtoto anafia tumboni, mama anafika siku ya tatu, anaokolewa, kisha anagundua mkojo unamtoka bila kujizuia. Fistula ni ugonjwa wa kuchelewa. Mjini Kindu, hospitali ya Maternité sans Risque imewashona wanawake wengi wa namna hiyo na kuwarudishia heshima yao. Kila mmoja aliyelala pale aliwahi kuwa mama mmoja aliyengoja usafiri.

Tumesema uzazi kwa sababu unaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mengine. Lakini mtoto mwenye malaria kali aliyeishiwa damu, mchimbaji wa dhahabu aliyefukiwa na udongo Namoya, mtu aliyepigwa risasi au panga, mwanamke aliyebakwa anayepaswa kupata dawa ndani ya saa 72, wote wanapita mlango huohuo na kusikia bei ileile ya usiku.

Je, dereva ni mnyang'anyi? Tunakataa. Wako wanaotumia shida ya mtu, na hao waaibike. Lakini wengi ni vijana wetu, na hesabu yao inaeleweka ukikaa nao. Mara nyingi pikipiki ni ya mtu mwingine, na jioni mwenye mali anataka pesa yake. Tairi na klachi vinakwisha haraka kwenye barabara hizi. Akisafiri usiku anajiweka mikononi mwa watu wenye silaha ambao njia za Salamabila zimewajua kwa miaka. Mgonjwa akifia njiani, dereva ndiye anayehojiwa, na wakati mwingine ndiye anayetuhumiwa. Na familia iliyofiwa hailipi deni la safari. Itanunua sanda kwanza. Kwa hiyo anataka pesa mkononi kabla ya kuwasha. Angejua kwamba pesa yake ipo, imewekwa, na atalipwa mgonjwa akifika mzima au maiti, angeondoka dakika ileile. Kinachochelewesha safari ni kwamba hakuna anayesimama nyuma ya deni.

Hata ambulansi halisi, pale ilipo, imeingia kwenye ugonjwa huohuo. Mtu yeyote aliyeishi katika jimbo hili anajua: gari lipo uani, dereva yupo, familia inaambiwa ilete mafuta. Mashirika huleta gari, likafanya kazi miaka ya mradi, kisha mradi ukaisha na gari likabaki juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Hatuwataji, kwa kuwa si la mmoja. Ambulansi inayosubiri familia inunue mafuta imeshageuka kuwa ya biashara, hata kama mlangoni pameandikwa jina la wizara.

Majirani zetu hawakungoja lami. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Tanzania ilianza Sengerema na Shinyanga mpango unaoitwa m-mama, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma kwa ajili ya nchi nzima. Muuguzi au ndugu anapiga namba 115 bila malipo. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, anatafuta ambulansi iliyo karibu. Kama haipo, anamwita dereva wa kawaida wa eneo lile, mwenye gari lake, aliyekwisha kusajiliwa na kukubali bei mapema. Dereva anampeleka mgonjwa, na malipo yanaingia kwenye simu yake. Familia haitoi kitu. Hapo binafsi na umma wamekutana mahali panapofaa: gari ni la mtu, deni ni la serikali. Nchini Uganda, Kamuli na Pallisa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliwapa wajawazito vocha za bodaboda. Mwendeshaji aliipeleka vocha kulipwa, na idadi ya waliojifungulia vituoni ikapanda sana. Pikipiki zao ni hizihizi zetu.

Nairobi inatufundisha kwa upande mwingine. Kule ziko kampuni za ambulansi zenye wahudumu waliofunzwa na vifaa vya oksijeni, na mwenye kadi ya uanachama au bima anahudumiwa vizuri. Lakini Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulansi saa 18 akizungushwa hospitali hadi hospitali kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafa. Gari lilikuwapo, mhudumu alikuwapo na hakumwacha. Kilichokosekana ni hospitali iliyo tayari kumpokea bila kuuliza pesa kwanza. Tukinunua usafiri Maniema na kuusahau mlango wa kuingilia, tutakuwa tumehamisha kifo kutoka njiani hadi kwenye varanda.

Kwa hiyo tunaiambia serikali ya jimbo mambo tunayoyataka, bila kuzunguka.

Waendesha pikipiki wasajiliwe kila zoni ya afya, kuanzia Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare na Salamabila, kwa kushirikiana na vyama vyao wenyewe. Wachaguliwe wachache wanaoaminika kila eneo, wafundishwe mambo machache: kumweka mgonjwa, kubana jeraha linalovuja damu, kuita mapema. Bei ya kila njia ipangwe kiangazi na masika, ikizingatia mafuta, usiku na hatari, ibandikwe kituoni, na isijadiliwe mbele ya mgonjwa. Dereva alipwe kwa simu akikabidhi karatasi ya rufaa iliyopigwa muhuri hospitalini. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zipo nchini, na Vodacom inayofanya kazi Kongo ni ya kundi lilelile lililosaidia kazi ya Tanzania. Ambako mtandao haushiki, na ni kwingi, pesa ya safari mbili au tatu ikae kwenye sanduku la kituo chini ya funguo mbili, moja ya muuguzi na nyingine ya kamati ya kijiji.

Bariyeri zote zifunguke kwa mgonjwa, mchana na usiku. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji amri moja ya gavana na makamanda watakaoifuata.

Muuguzi awe na dawa za kumwanzishia mgonjwa kabla hajaondoka: oksitosini ya kuzuia damu, magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, serumu. Usafiri unaoanza bila hizo unabeba mtu anayekufa. Na hospitali ipigiwe simu, ili mlango uwe wazi na fundi wa usingizi awe ameamshwa.

Wako wanaopendekeza pikipiki zenye kitanda cha pembeni. Ni kifaa kizuri kwenye barabara pana, na mjini Kasongo na njia zake za karibu zinafaa kujaribiwa. Kwenye gogo moja linalovuka kijito, gurudumu la tatu halina pa kukanyaga. Tusitumie pesa zote kwa kitu kitakachopigwa picha siku ya makabidhiano, halafu kikaishia kwenye daraja la kwanza. Kurekebisha madaraja kumi ya magogo kwa mwaka kunaweza kuokoa wengi kuliko magari mawili mapya, na vijana wa vijiji hivyo wanajua kuyajenga wakilipwa.

Pesa iko wapi? Swali hili huulizwa kana kwamba kusini mwa Maniema hakuna mali. Salamabila imekalia dhahabu. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inamtaka mchimbaji wa kiwanda atenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na inataka mrabaha ugawanywe, asilimia 25 kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka za chini zenye mgodi. Mgodi wa Namoya ulioko huko umepita misukosuko mingi, ikiwamo mashambulizi na kusimama kwa kazi, na hatuahidi kwamba sanduku hilo limejaa leo. Tunasema kwamba pale faranga itakapoingia, usafiri wa wagonjwa uwe kwenye mstari wa kwanza wa mkataba na jamii, uandikwe kwa jina, na hesabu yake isomwe hadharani. Hiyo pekee haitoshi, kwa hiyo bunge la jimbo liweke fungu lake kwenye bajeti. Wafadhili nao wanaofurahia kuleta magari walipie safari, maana gharama ya mwendo ndiyo iliyoyaua magari yaliyotangulia.

Kuna mambo mawili ya kitaifa tunayoyaunga mkono na ambayo bila usafiri yatabaki nusu. Septemba 2023 serikali ilizindua Kinshasa mpango wa mama kujifungua bila malipo. Ni jambo jema, na lifike Maniema yote. Lakini bure inayoanza kwenye mlango wa hospitali haimgusi mama aliyeshindwa kulipa pikipiki. Vilevile mpango wa maendeleo wa wilaya 145 umeahidi vituo vya afya katika kila wilaya, Kasongo na Kabambare zikiwamo. Kituo kipya kitagundua wagonjwa wengi zaidi wanaohitaji kupelekwa mbele, na mzigo wa rufaa utaongezeka. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya kwa kila mtu. Hakuna mahali iliposema haki hiyo huanza baada ya mtu kujifikisha mwenyewe.

Kwa wasomaji wetu wa vijijini tuna ombi pia, maana hatuwezi kukaa tukingoja Kindu peke yake. Kamati za vituo, misikiti, parokia na makanisa, vyama vya akina mama wanaochanga kila wiki: tengeni sanduku la safari. Kidogo kidogo, kila nyumba. Zungumzeni na madereva wawili wa kijiji mchana, wakati hakuna anayeumwa, mkubaliane bei na iandikwe. Bei iliyokubaliwa mchana kwa utulivu huwa ya haki. Ya usiku haiwi. Shefu wa kijiji aishuhudie. Mama mwenye mimba ya miezi saba, familia yake ijue tayari ni nani ataamshwa, na namba yake ni ipi. Hii haiondoi wajibu wa serikali hata kwa faranga moja, nasi tutaendelea kuudai. Lakini itaokoa mtu wiki hii.

Kwa gavana wa Maniema, kwa wabunge wa jimbo waliochaguliwa Kasongo na Kabambare, na kwa mkuu wa idara ya afya ya jimbo: mvua hazijakata barabara zote, na madereva wako tayari kuzungumza. Itisheni kikao Kasongo, mkiwaalika wakuu wa zoni zote za kusini, vyama vya waendesha pikipiki, makamanda wa polisi na jeshi, na wawakilishi wa akina mama. Tokeni hapo na bei zilizoandikwa, majina ya madereva, na namba moja ya simu ya kila zoni. Leteni orodha hiyo kwetu, tutaichapisha yote, kijiji kwa kijiji, bila kutoza faranga.